Kwaresima ufuoni mwa ziwa: Je, ngege wa Ijumaa ni toba au karamu?

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, majivu yanapopakwa kwenye vipaji vya nyuso katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, Kibuye, swali moja huanza kuzunguka mjini Kisumu, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko: Ikiwa Kanisa linakataza nyama siku ya Ijumaa na kuruhusu samaki, mkazi wa ufuoni amejinyima nini?

Swali hilo si la mzaha mtupu. Karibu na kanisa hilo liko soko la Kibuye, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa umati wake wa Jumapili, na katika jiji hili samaki si chakula cha kubahatisha. Yupo ngege wa kukaanga, yupo mbuta, yupo mumi, wapo omena wanaopimwa kwa gorogoro. Mkatoliki wa Machakos au wa Nyeri anapoambiwa aache nyama huenda akarejea kwenye maharagwe na sukuma wiki. Wa Kisumu akiambiwa hivyo huletewa ngege mzima mezani, ugali ukifuka moshi kando yake, na hakuna aliyevunja sheria.

Ili kulijibu swali hili ipasavyo, yafaa kwanza kujua sheria yenyewe yasema nini, maana mengi yanayosemwa juu yake mitaani ni nusu ya ukweli.

Sheria inayotumika leo imo katika kanuni ya 1249 hadi 1253 za Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983 na kuanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo. Msingi wake ni waraka wa Papa Paulo wa Sita uitwao Paenitemini, wa tarehe 17 Februari 1966, uliolegeza masharti ya kale na kuyapa sura mpya.

Sheria hiyo inataja mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kujinyima nyama, na hili linahusu aina ya chakula. La pili ni kufunga, na hili linahusu kiasi cha chakula. Mtu aweza kujinyima nyama bila kufunga, akala mara tatu na kushiba, mradi hakugusa nyama. Siku za kutimiza yote mawili kwa pamoja ni mbili tu katika mwaka mzima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyinginezo ni za kujinyima nyama pekee.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Kanuni ya 1250 haisemi Ijumaa za Kwaresima tu. Yasema kwamba siku za toba katika Kanisa lote ni kila Ijumaa ya mwaka pamoja na kipindi cha Kwaresima. Kwa hiyo yule anayejihesabia haki kwa kuacha nyama choma Ijumaa saba za kabla ya Pasaka, kisha akaifuata bila wasiwasi Ijumaa zote za Juni na Septemba, ajue kwamba sheria haikumpa likizo hiyo moja kwa moja. Kanuni ya 1253 inaliruhusu Baraza la Maaskofu la nchi kueleza zaidi namna ya kufunga na kujinyima, na hata kuweka badala yake aina nyingine za toba, hasa matendo ya huruma na ibada. Wa kumuuliza yanayofuatwa parokiani ni paroko, wala si jirani.

Kosa jingine limetokana na vitabu vyetu vyenyewe. Katika katekisimu iliyoenea kwa Kiswahili, amri ya Kanisa juu ya jambo hili imefupishwa mno: inataja kufunga kwa Jumatano ya Majivu, na kutokula nyama kwa Ijumaa Kuu. Mtoto aliyeikariri hivyo hukua akidhani kwamba Jumatano ya Majivu anaweza kula nyama ilimradi ale kidogo, na kwamba Ijumaa Kuu anaweza kula apendavyo ilimradi si nyama. Kwa mujibu wa kanuni ya 1251, siku zote mbili zina masharti yote mawili.

Umri nao una hesabu yake. Sheria ya kujinyima nyama inamfunga aliyekwisha kutimiza miaka 14, nayo haina kikomo cha uzee. Sheria ya kufunga inamfunga aliyetimiza miaka 18 hadi anapouanza mwaka wake wa 60. Maneno hayo ya mwisho yasomwe kwa makini: mwaka wa 60 wa mtu huanza siku anapotimiza miaka 59, kama vile mwaka wa kwanza wa mtoto unavyoanza siku ya kuzaliwa. Nyanya wa miaka 70 basi halazimiki kufunga, ingawa nyama ya Ijumaa bado amekatazwa. Kuhusu watoto, sheria inawataka wachungaji na wazazi kuwafundisha maana ya toba hata kabla ya umri huo.

Anayefunga anaruhusiwa mlo mmoja kamili kwa siku. Waraka wa 1966 haukumkataza kula kidogo asubuhi na jioni, kwa kufuata desturi ya mahali juu ya kiasi na aina ya chakula. Hapa kwetu tuseme chai na kipande cha mkate asubuhi, ugali na mboga adhuhuri, kikombe cha uji jioni. Maji hayakatazwi saa yoyote. Ndiyo tofauti kubwa kati ya funga hii na ile ya ndugu zetu Waislamu, ambao kuanzia alfajiri hadi magharibi hawali wala hawanywi. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilikutana: Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na katika nyumba zenye waumini wa dini zote mbili jiko moja lilihudumia ratiba mbili.

Wazee waliokua kabla ya 1966 watasema kwamba haya yote ni mepesi, nao hawakosei. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917 uliagiza kufunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Jumapili, na kujinyima nyama siku za Ijumaa na Jumamosi za kipindi hicho. Watoto walianza kujinyima wakiwa na miaka saba. Hata mchuzi wa nyama ulikatazwa kwa jina. Sheria ya 1966 ilikataza nyama pasipo kuutaja tena mchuzi, na ikasema wazi kwamba mayai, maziwa na mafuta ya mnyama yanayotumiwa kama kiungo havimo katika katazo hilo.

Basi nyama ni nini? Ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe hawana ubishi. Kuku pia ni nyama, ijapokuwa wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba hotelini mhudumu huuliza mteja anataka nyama au kuku. Matumbo ni nyama. Soseji ni nyama. Kwa mapokeo ya walimu wa maadili ya Kikatoliki, kinachokatazwa ni nyama ya wanyama na ndege wenye damu ya moto. Samaki na viumbe wengine wa majini wenye damu baridi hawamo. Mpaka huo umezaa maswali ya ajabu katika kila pembe ya dunia. Mwaka 2010 Askofu Mkuu wa New Orleans, Marekani, Gregory Aymond, alimjibu kwa barua muumini aliyetaka kujua kama mamba wa mabwawa ya kwao ni nyama, akamweleza kwamba anahesabiwa katika jamii ya samaki.

Huku kwetu swali la namna hiyo lingeulizwa juu ya kumbikumbi, wanaoruka kwa wingi mvua za masika zinapoanza, yaani mara nyingi katikati ya Kwaresima. Kwa kipimo hicho cha mapokeo, kumbikumbi si nyama. Wala kamongo si nyama, ingawa Waganda humwita mamba na minofu yake ni minene kuliko ya samaki wengi. Na hapa inafaa kutenganisha jambo ambalo katika miji ya Nyanza huchanganywa mara kwa mara. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika eneo hili, hawali mumi kwa sababu hana magamba, wakifuata sura ya 11 ya Kitabu cha Walawi. Hiyo ni sheria ya vyakula najisi, ya mwaka mzima. Mkatoliki haachi nyama kwa kuwa ni najisi. Anaiacha kwa kuwa ni nzuri, na angeila kwa shukrani Alhamisi iliyotangulia.

Tofauti hiyo ndiyo inayoturudisha kwenye ngege wetu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alieleza kwamba Kanisa lilikataza vyakula ambavyo ulimi huvifurahia zaidi na vinavyouamsha mwili zaidi, na nyama ikawa ya kwanza kwa vipimo hivyo. Samaki aliruhusiwa kwa sababu alidhaniwa kuwa chakula duni. Mwanazuoni huyo hakuwahi kuketi Dunga akisubiri ngege atoke kwenye mafuta.

Ufuoni mwa Ziwa Victoria mizani imepinduka. Mbuta, aliyeingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, aligeuka bidhaa ya kimataifa. Minofu yake ilitengenezwa viwandani na kusafirishwa Ulaya, na kilichobaki, kichwa na mifupa yenye mabaki ya nyama, ndicho walichouziwa wakazi wa mitaa kama Obunga, wakakipa jina la mgongo wazi. Ngege wa ziwani naye amepungua, na pengo lake limezibwa kwa sehemu na samaki waliogandishwa kutoka China. Isitoshe, kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikisimamisha uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na Pasaka inapochelewa, katazo hilo huikuta Kwaresima haijaisha. Kwa hiyo katika jiji ambalo watu wa mbali hudhani samaki huokotwa ufuoni, ngege mzima wa ziwani ni mlo wa mwenye nacho. Maskini wa Obunga anakula mgongo wazi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Kwaresima na nje ya Kwaresima, wala haiiti toba.

Je, anayekula ngege Ijumaa Kuu amevunja sheria? Hapana. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanaopenda kuongeza mizigo ambayo Kanisa halikuitwika migongo ya watu. Sheria imekataza nyama, naye hakula nyama. Tena kama ni mlo wake mmoja kamili wa siku hiyo, na milo mingine miwili ikawa midogo, ametimiza yote mawili. Hana la kuungama.

Lakini kutimiza sheria na kufanya toba si kitu kimoja, na sheria yenyewe yalijua hilo. Kanuni ya 1249 inaanza kwa kusema kwamba waamini wote wanalazimika kufanya toba, kila mmoja kwa namna yake. Siku maalumu zimewekwa tu ili waungane katika toba ya pamoja, wakisali, wakitenda matendo ya huruma na kujikana. Nayo kanuni ya 1251 inataja nyama au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoamua. Maneno hayo, "chakula kingine", yaliwekwa kwa ajili ya nchi na watu ambao nyama si anasa yao. Walioandika sheria hiyo Roma walitambua kwamba si kila mtu duniani hula kama wao.

Kwa maoni yetu, basi, mkazi wa Kibuye ana nafasi ambayo mwenzake wa Nyeri hana: anaweza kuchagua mwenyewe. Anaweza kuacha nyama kwa sababu ameamriwa, kisha akamwacha ngege kwa hiari yake, akala mrenda au maharagwe. Anaweza kuacha pombe, au sukari katika chai, au kubeti mechi za Jumamosi, ambako huenda kukamuuma zaidi kuliko kipande chochote cha nyama. Jambo moja tu asilifanye: asiligeuze chaguo lake kuwa sheria ya kumpimia jirani. Baba akiamua kwamba nyumba nzima haitaonja samaki siku 40, huku yeye akila chakula cha mchana mjini, amewafungisha wengine na yeye mwenyewe hakufunga.

Upo upande mwingine wa habari hii usio wa kuchekesha. Kenya ilijifunza mwaka 2023 jinsi neno "kufunga" linavyoweza kuua. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwamo watoto, ya wafuasi wa kundi la mhubiri Paul Mackenzie, ambao inadaiwa walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie alikana mashtaka. Ufukuaji ulianza Aprili mwaka huo, siku chache baada ya Pasaka, na tangu hapo hakuna mchungaji nchini anayeweza kuhubiri juu ya kufunga bila kivuli cha msitu huo.

Ndiyo maana mipaka ya sheria ya Kanisa, ambayo wengine huiona kama ulegevu, inafaa kutazamwa upya. Funga hiyo ina siku mbili za lazima. Ina umri wa kuanza na umri wa kukoma. Ina mlo kamili ndani yake. Tena haimfungi asiyeiweza. Mgonjwa amesamehewa. Mama mjamzito amesamehewa, na anayenyonyesha vilevile. Katika Kaunti ya Kisumu, ambako maambukizi ya virusi vya ukimwi yamekuwa juu ya wastani wa taifa, wapo waumini wengi wanaomeza dawa kila siku, na baadhi ya dawa za magonjwa ya kudumu huhitaji chakula tumboni. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetibiwa kifua kikuu: hawa wasingojee ruhusa ya mtu ili wale. Afya yao imekwisha kuwapa ruhusa, na anayeacha dawa kwa jina la Kwaresima hatimizi amri yoyote ya Kanisa.

Anayefanya kazi ngumu naye ana nafasi yake. Kuli wa kubeba magunia sokoni, mwendeshaji wa bodaboda aliye juani tangu alfajiri, mvuvi aliyekesha ziwani. Hawa wakiona kwamba kufunga kutawaangusha kazini, hawalazimiki. Kwa shaka yoyote, kanuni ya 1245 inampa paroko uwezo wa kumwondolea muumini wajibu huo kwa sababu ya haki, au kuugeuza kuwa tendo jingine la ibada. Huombwa kwa sentensi moja nje ya kanisa. Hakuna fomu ya kujaza.

Na maskini? Thoma wa Akwino aliyetajwa juu alilitafakari swali hilo pia. Alisema kwamba wanaoomba chakula chao vipande vipande, ambao hawapati kwa wakati mmoja cha kuwatosha, yaonekana hawafungwi na sheria hii. Ni zaidi ya miaka 700 tangu aandike hivyo. Huko Nyalenda na Manyatta bado zipo familia zenye mlo mmoja kwa siku, tena si kwa sababu ya Kwaresima. Kumhimiza mtu wa namna hiyo ajinyime ni kumwambia aache asichokuwa nacho.

Zipo pia siku ambapo katazo lenyewe hukoma. Kanuni ya 1251 inaondoa wajibu wa kujinyima nyama ikiwa Ijumaa imeangukia sherehe kuu ya Kanisa. Tarehe 25 Machi 2022, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ilikuwa Ijumaa katikati ya Kwaresima, na waliokula nyama siku hiyo hawakukosa. Mwaka 2016 tarehe hiyohiyo iliangukia Ijumaa Kuu. Hapo sherehe ndiyo iliyosogezwa hadi Aprili, na funga ikabaki palepale. Siku ya wapendanao haina heshima hiyo. Mwaka 2018 na tena 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, na waliokuwa wamepanga chakula cha jioni cha nyama walilazimika kusubiri kesho yake.

Limebaki swali la fedha, ambalo kwa mababa wa Kanisa halikuwa la pembeni. Papa Leo Mkuu, katika karne ya tano, aliwahubiria Warumi tena na tena kwamba kinachopunguzwa mezani kimfikie mwenye njaa. Kilo ya nyama isiyonunuliwa Ijumaa ina bei. Ikiwa bei hiyo imekwenda kwenye ngege, hakuna kilichookolewa, pengine imeongezwa. Ikiwa familia imekula omena au mboga, kuna shilingi zilizobaki, na shilingi hizo kwa mapokeo ya Kanisa si za mwenye nyumba tena.

Maaskofu wa Kenya huendesha kila mwaka Kampeni ya Kwaresima kupitia Tume yao ya Haki na Amani, yenye mada za kujadiliwa juma kwa juma katika jumuiya ndogondogo, na parokia hukusanya michango ya kipindi hicho kwa wahitaji. Muumini asiweke akiba yake yote hadi Ijumaa Kuu akidhani kwamba itamfikia jirani. Sadaka inayokusanywa siku hiyo katika makanisa ya Kikatoliki duniani kote huenda kwa Wakristo wa Nchi Takatifu. Mwenye kumkusudia mjane wa Obunga ampelekee mkononi, mapema, kabla bei ya samaki haijapanda kwa ajili ya Ijumaa Kuu.